Safu ya Lugha: Utingo si konda
Siku hizi hata kijana wa lori la shaba huitwa konda. Jamani! Konda hudai nauli. Lori la mizigo lina abiria gani? Huyo ni utingo, au tandiboi: ndiye afungaye turubai na kutia jiwe nyuma ya gurudumu likikwama mlimani. Enzi za Wabelgiji, kwenye malori ya Katanga, aliitwa boi-shofere. Shofere ni neno la Kifaransa, na asili yake ni mchochea moto wa injini ya mvuke. Dereva katoka Kiingereza. Shofere na dereva ni mmoja, chagueni mtakalo. Utingo na konda msiwachanganye.