Upepo ni wa Nani? Pangaboi za Ziwa Turkana na Watu Wanaoishi Chini Yake

Mgeni akifika hapa Kakuma na kusikia kuna mradi mkubwa wa umeme wa upepo wenye jina la Ziwa Turkana, anadhani uko hapa jirani. Halafu anauliza: mbona basi kambini watu wamezoea stima ya jenereta ya mfanyabiashara? Jibu ni kwamba mradi hauko huku kwetu. Uko ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, kaunti ya Marsabit, karibu na Loiyangalani. Lakini historia yake inatuhusu, na ndiyo maana naiandika.

Upepo wa pale si wa kawaida. Unapita kwenye uwazi kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, halafu unabanwa tena kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru. Kasi yake ya wastani ni takriban mita 11 kwa sekunde. Wachungaji wa Kiturkana, Kisamburu na Kirendille wameujua upepo huo tangu mababu zao. Wenye mitaji walipoujua, wakaona pesa.

Pangaboi zilizosimamishwa pale ni 365, na kwa pamoja zinaweza kutoa megawati 310. Ujenzi ulianza 2014. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa ili vyuma vipite. Pangaboi zilimalizika 2017, lakini zikakaa bila kazi, kwa sababu laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa bado. Umeme ulianza kusafiri mwaka 2018, na Rais Uhuru Kenyatta akazindua mradi rasmi Julai 2019.

Sasa, watu wanasemaje? Hapo ndipo kuna maneno.

Wa kwanza wanasema: angalieni faida. Upepo hauishi, hauchomi mafuta, hauleti moshi. Barabara imefupisha safari ya mgonjwa na ya muuza mbuzi. Vijana wengine walipata kazi ya ulinzi na ya ujenzi. Hayo ni kweli, na mtu asiyadharau.

Wa pili wanasema: ardhi yetu ilichukuliwa bila sisi kuulizwa. Mradi ulipewa ekari 150,000, ilhali pangaboi zenyewe zinahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Ardhi ile ilikuwa ya jamii, chini ya usimamizi wa baraza la kaunti, na ni malisho ya wafugaji wanaohama. Kijiji cha Sarima kilihamishwa ili kupisha magari ya mradi. Mwaka 2014 wakazi walienda mahakamani. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi na mazingira ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja utaratibu urekebishwe. Sikiliza vizuri: wazee wale hawakuwa wanapinga upepo. Walikuwa wanauliza, ni nani aliwapa ruhusa?

Kenya ina mifano mingine, na tukiiweka pamoja tunaona kitu. Kwenye vilima vya Ngong, pangaboi za kwanza zilikuja 1993 kama msaada wa Ubelgiji. Leo watu wa Nairobi wanapanda huko Jumapili kupiga picha nazo. Kinangop mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kule ni mashamba madogo ya viazi, na wakulima waliogopa kupoteza ardhi na afya. Maandamano ya mwaka 2015 yalileta kifo, na mwaka uliofuata mradi wa megawati 60 ukafutwa. Kipeto, kaunti ya Kajiado, pangaboi 60 zilisimama kwenye ardhi ya Wamaasai wenye hati zao wenyewe, wanaolipwa kodi na kupata sehemu ya mapato. Huko ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ndege tumbusi, ambao wanaweza kukatwa na mapanga yale.

Pangaboi ni zile zile na upepo ni ule ule, lakini maoni yamepishana. Kilichotofautiana zaidi ni nani ana hati mkononi, nani aliulizwa mapema, na nani analipwa. Mtu anayelipwa kodi kila mwaka anaangalia mnara ule na kuona ada ya shule ya watoto. Mtu aliyeamka akaukuta umesimama kwenye malisho yake anaona mlango uliofungwa.

Mimi natoka Kongo, na kwetu jambo hili tunalijua kwa sura nyingine. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Katanga ilimalizika 1982, urefu wake kama kilomita 1,700. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zile vilibaki gizani na taa za mafuta. Mtu wa pale akilalamika anaambiwa hapendi maendeleo. Kusema kweli, nani apende maendeleo yanayompita juu ya kichwa?

Ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika, maneno hayo ya "wenyeji wanakataa maendeleo" nimeyasikia hata hapa. Na sisi wakimbizi tunayasema pia, hasa tukigombana na Waturkana juu ya kuni au visima. Tusisahau kwamba tangu 1992 kambi hii inakaa juu ya ardhi ya watu. Ilipotafutwa ardhi ya Kalobeyei, kama hekta 1,500, kwanza yalifanyika mazungumzo na wenyeji na serikali ya kaunti. Ndiyo njia. Inachelewesha, inachosha, ina vikao vingi chini ya mti, lakini ni rahisi kuliko kesi ya miaka saba mahakamani.

Kwa hiyo mradi mwingine ukija, wa jua, wa maji au wa upepo, wazee wa Turkana na viongozi wa mabloku waitwe kabla ramani haijachorwa. Na waulizwe swali ambalo mtu anaweza kulijibu "hapana" na hiyo hapana yake ikahesabiwa.