Presha ya Kariakoo: kutoka kisimani hadi ghorofani

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, mji ulikunywa maji ya visima. Ardhi ya pwani ni mchanga, maji hayako mbali, na mwenye ndoo na kamba hakuwa na haja ya kujua habari za hewa. Haja hiyo ilikuja na pampu.

Ulaya walikuwa wameshakutana na kitendawili cha pampu. Mwaka 1638 Galileo aliandika kwamba pampu ya kunyonya hugoma maji yakishapanda kiasi cha mita 10, hata ikiwa nzima kabisa. Torricelli, aliyemsaidia katika siku zake za mwisho, alieleza sababu mwaka 1644: pampu haivuti maji. Hupunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma juu. Uwezo wa hewa hiyo unaishia mita 10.3, tena hapa pwani ambako ni nzito kuliko Arusha au Mbeya. Ukiongeza joto na msuguano, fundi akipata mita saba au nane ashukuru. Ndiyo maana kisima kirefu cha leo huzamishiwa pampu yenyewe, isukume kutoka chini.

Kariakoo ilizaliwa na vita. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na jina likabaki. Baadaye wakaugawa mji kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ikawa ya Waafrika. Zikajaa nyumba za Kiswahili za chini, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Kwa nyumba kama hiyo, mita chache za presha zinatosha kujaza ndoo.

Maji yenyewe yakatafutwa mbali zaidi kila mji ulipokua: Mtoni kwenye mto Kizinga, kisha Ruvu Juu mwaka 1959, na Ruvu Chini mwaka 1976. Kutoka Ruvu maji husafiri makumi ya kilomita hadi matangi ya miinukoni, Kimara na Chuo Kikuu, ndipo yateremke mjini. Mitambo hiyo miwili ya Ruvu imepanuliwa karne hii, na uwezo wake sasa ni lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Si haba. Lakini maji mengi mtoni si presha bombani.

Hapa Mfaransa Henry Darcy anatufaa kuliko wanasiasa. Alipima mabomba kwa subira, akachapisha matokeo mwaka 1857. Hesabu iliyotokana na kazi yake ni kali: ukitaka maji yaleyale yapite kwenye bomba lenye nusu ya kipenyo, presha inayoliwa na msuguano huongezeka takribani mara 32. Ndiyo maana mtu anayebana shilingi kwa kununua bomba la nusu inchi badala ya inchi moja anajinyima maji mwenyewe, kisha anailaumu mamlaka.

Beda Amuli, msanifu wa soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliyategemea maji ya juu: paa lake la zege lenye umbo la faneli hukusanya mvua na kuiteremsha. Mvua haihitaji mota.

Waliojenga maghorofa baadaye hawakuwa na bahati hiyo. Ghorofa ya 10 iko kama mita 30 juu ya barabara, yaani presha ya baa tatu kabla msuguano haujachukua chake. Maji yakija kwa mgao usiku, wengine hufunga mota moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mota hiyo haiumbi maji; inapora presha ya jirani, ambaye bomba lake linabaki likikoroma hewa. Baya zaidi, presha ya bomba ikishuka chini ya ile ya nje, kila ufa unageuka mdomo, na uchafu wa chemba zilizofurika unaingia. Sisemi kipindupindu cha mwaka 2015 kililetwa na mota, ila katika mji unaoujua ugonjwa huo, huo ni mchezo wa hatari.

Mwenye jengo Kariakoo, chimba tangi chini, maji yaingie yenyewe kwa presha ya mtaa, kisha mota yako iyasukume kutoka humo hadi tangi la juu. Na ununue bomba nene.