Gharama ya Kupandisha Maji: Newala, Masasi na Uwanda wa Makonde

Uwanda wa Makonde, yaani ardhi iliyoinuka kusini mwa Tanzania kati ya mto Ruvuma na bonde la Lukuledi, haukosi mvua, kwani hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Shida yake ni mchanga wenye kina kirefu unaokunywa maji hayo yote, hata mji wa Newala, ulio ukingoni mwa uwanda, ukakosa mto, huku chemchemi zikitokeza chini ya genge. Masasi iko nje ya uwanda huo, katika nchi ya chini yenye milima ya mawe.

Kwamba watu wengi waliishi juu, mbali na maji, kunaelezwa kwa sehemu kubwa na hofu. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Wamagwangwara, waliishambulia Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa amewaweka watumwa walioachwa huru mwaka 1876, na baada ya hapo kazi ya misheni ikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Vichaka vya uwandani viliwaficha watu dhidi ya wavamizi na wateka watumwa, lakini usalama huo ulilipiwa kila siku kwa safari ya kushuka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na waliolipa hasa ni wanawake. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya asili ya Wamakonde ambamo watoto waliozaliwa karibu na maji walikufa na aliyezaliwa juu akaishi: simulizi inayouhalalisha umbali huo kwa uzito wa wosia.

Mgogoro wa maji hapa, basi, haukuwa sana wa wafugaji na wakulima kugombania kisima kimoja, bali wa nani abebe gharama ya kuyapandisha. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maji la Makonde, lililosukuma maji kwa mashine kutoka bondeni na kuyauza vituoni, na hivyo kazi iliyokuwa ya shingo za wanawake ikageuka deni na bei. Baada ya uhuru maji ya vijijini yalitangazwa kuwa ya bure, na mpango wa mwaka 1971 ukaahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji angeyapata ndani ya mita 400. Ufini iligharimia mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi, kisha ujenzi wake, lakini ahadi ya bure haikuweza kununua dizeli ya pampu wala vipuri, na mashine ziliposimama waliokaa mbali na chanzo ndio waliokauka kwanza. Sera ya mwaka 2002 ikawarudishia wanavijiji gharama za uendeshaji, jambo lenye mantiki kihesabu lakini zito kwa uwanda ambako kila lita hupandishwa mamia ya mita.

Wenye mapato ya korosho walijitoa kwenye mvutano huo kwa kuezeka mabati na kujenga visima vya saruji vya kuvunia mvua. Wenye nyumba za nyasi walibaki wakinunua maji kwa ndoo, mara nyingi kutoka kwa majirani haohao.