Chango, Ini na Nyongeza

Katika maduka ya dawa ya Tom Mboya Street, mteja huinamia kaunta, akashusha sauti na kusema, "Daktari, nipatie kitu ya tumbo." Muuzaji anaelewa kuwa si tumbo la kuhara bali la hedhi. Kiswahili kina neno kamili la maumivu hayo, chango, ila Nairobi tumeliacha na kila kitu kimekuwa tumbo. Nalitetea kwa sababu lina mipaka. Chango huja na damu: utando wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huukaza msuli wake. Matiti kuuma, tumbo kujaa, hasira na machozi ya karibu, yanayokuja siku kadhaa kabla ya damu, ni jambo jingine. Wataalamu huandika "dalili za kabla ya hedhi". Ni jina refu, lakini silipunguzi, maana neno "kabla" ndilo lenye kazi.

Kwenye rafu ya mafuta yanayouzwa kwa ajili ya shida hizo, mambo ni magumu zaidi. Kuanzia katikati ya mji hadi Westlands, Kangemi na Kawangware, kapsuli ni zile zile: laini, rangi ya dhahabu, na ukiitoboa moja kwa pini, tone linalotoka hunuka dagaa. Baadhi ni za mafuta ya samaki, baadhi za mafuta ya ini la samaki. Mdomoni zote ni "mafuta ya samaki", au "omega" tu. Hapo ndipo neno dogo linapoweza kuleta madhara. Mafuta ya ini yana vitamini A kwa wingi, na vitamini hiyo ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ini lisidondoke katika jina.

Na huyo samaki mwenye ini ni nani? Kamusi humwita chewa. Mvuvi wa Lamu akisikia chewa humfikiria yule wa miambani, mdomo mpana, kumbe anayesemwa anaishi kwenye maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Ningeandika "chewa wa Atlantiki".

Primrose, ambayo mafuta yake yako kwenye rafu hiyo hiyo, ni mmea wa Amerika ambao ua lake hufunguka jioni. Sioni haja ya kuubunia jina; "mafuta ya mbegu za primrose" yanatosha, na yanamwambia mnunuzi kwamba kilichokamuliwa ni mbegu.

Neno ninalolipinga kwa mafuta haya ni "dawa", kwa kuwa linaahidi. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2016 yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, kuhusu vitu vya aina hii kwa maumivu ya hedhi yalikuta ushahidi hafifu mno, hata kwa mafuta ya samaki yaliyoonyesha dalili kidogo ya kusaidia. Uingereza, mwaka 2002, ilifuta leseni za dawa mbili za mafuta ya primrose, zilizoandikiwa wenye ukurutu na maumivu ya matiti, kwa kukosa uthibitisho kwamba zinafanya kazi. "Kirutubisho" nalo silipendi sana, kwa sababu limeshadai kurutubisha kabla ya kumezwa. Nachagua "nyongeza": kitu kinachowekwa juu ya chakula, basi.

Kaunta hiyo hiyo ina ibuprofen, ambayo huzuia mwili kutengeneza prostaglandini na ambayo mwenye vidonda vya tumbo haifai aimeze kiholela. Hiyo ni dawa ya chango. Chupa ya dhahabu iliyo kando yake ni nyongeza, na anayeiuza aseme hivyo kabla ya kupokea pesa.