Msukule Hahitaji Vipodozi

Juma lililopita uliniponyoka ulimi mwishoni mwa maongezi yetu, nikasema kwamba mimi ni mpenzi wa sinema za kutisha, na hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Lawama nilizozipata si haba. Mzee mmoja wa Nyakato alipiga simu akasema haelewi mtu mzima, mwenye mke na watoto, anapata faida gani kukesha akitazama maiti wakitembea. Leo naomba nafasi ya kujitetea. Nikishajitetea, nitasema pia ni wapi sinema hizo zimetukosea sisi watu wa Kanda ya Ziwa.

Mapenzi haya yalianzia Mabatini, mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Televisheni ya Bara ilikuwa haijaanza. ITV ilikuja mwaka uliofuata. Tulichokuwa nacho ni kibanda cha video: chumba cha udongo, mabenchi, blanketi mlangoni la kuzuia mwanga, na nje jenereta linalonguruma kushinda sinema yenyewe. Kiingilio kilikuwa shilingi 20. Kanda zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, hazina jalada wala jina, hivyo majina tulizipa wenyewe. Moja tuliiita "Wafu". Baada ya miaka mingi, nikiwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, ndipo nilipojua kwamba ilikuwa Night of the Living Dead, ya Mmarekani George Romero, iliyotoka mwaka 1968.

Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe karibu na Pittsburgh, kwa gharama ya dola zipatazo 114,000, ambazo kwa Wamarekani wa sinema ni fedha ya kununulia chai. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Hata wafu wenyewe ni watu wa kawaida waliopakwa weupe usoni wakaambiwa watembee kama walevi. Sisi tulitetemeka. Kilichotushika zaidi ni kwamba shujaa wake, aliyechezwa na Duane Jones, alikuwa mtu mweusi mwenye akili na utulivu kuliko wote waliojifungia ndani ya nyumba ile. Usiku kucha anapambana na wafu na anawashinda. Asubuhi wanakuja wazungu wenye bunduki, wanamwona dirishani, wanampiga risasi. Kibanda kizima kilinyamaza. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Jambo jingine nililolijua baadaye ni sababu ya kanda ile kuenea dunia nzima. Wasambazaji walipobadilisha jina la sinema walisahau kurudisha tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. (Si kwamba mwenye kibanda chetu angelipa vinginevyo.)

Ndugu msikilizaji, neno zombi halikutoka kwa Romero, na katika sinema ile wafu wale hawaitwi hivyo kamwe. Lilitoka Haiti, kisiwani ambako watumwa kutoka Afrika walifanyishwa kazi katika mashamba ya miwa ya Wafaransa mpaka wakafa. Wataalamu wengi wanalihusisha neno lenyewe na lugha za eneo la Kongo. Marekani iliikalia Haiti kijeshi tangu 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo Wamarekani wakarudi kwao na hadithi. William Seabrook aliandika kitabu mwaka 1929, na mwaka 1932 ikatoka White Zombie, inayohesabiwa kuwa sinema ndefu ya kwanza ya namna hiyo. Sasa zombi wa Haiti hali mtu. Huyo ni marehemu aliyeondolewa kaburini na mchawi ili akalime shamba, bila ujira, bila kuchoka, bila kusema. Katika White Zombie kuna kinu cha miwa kinachozungushwa na wafu, na mmoja anapotumbukia ndani wenzake hawageuki hata kumtazama.

Hapo ndipo mtoto wa Kisukuma anapoketi vizuri kwenye benchi. Huyu tunamjua! Huyu ni msukule. Toka utotoni tumesimuliwa kwamba msukule hakufa, alichukuliwa. Kilichozikwa ni mgomba au gogo. Mwenyewe amekatwa ulimi, analishwa pumba, mchana anafichwa darini na usiku analima shamba la tajiri fulani ambaye haeleweki mali yake inatoka wapi. Wamarekani walimbadilisha zombi akawa mlaji wa watu, na pengine inawafaa wao, kwa kuwa wanaogopa kuliwa. Watu wa Haiti na sisi tulikuwa na hofu nyingine, hofu ya kufanyishwa kazi ya mtu mwingine hata baada ya kufa. Mtu ambaye babu yake alichapwa viboko kwa ajili ya shamba la pamba la lazima hahitaji kuelezwa hofu hiyo.

Basi zilipokuja sinema zetu wenyewe, nilizipokea kwa furaha ambayo wenzangu waliosoma hawakunielewa. Kwanza zilikuja za Kinaijeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mtu anamtoa mkewe kafara apate utajiri na marehemu anarudi kumsumbua, ndiyo iliyowafungulia njia. Kisha Dar es Salaam nao wakaingia kazini. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta kati ya mwaka 2003 na 2005. Watu walizicheka. Sauti inapotea upepo ukivuma, taa zinaonekana kwenye kioo cha kabati, jini anatoweka kwa kuzima kamera na kuiwasha tena. Mimi nasema ujanja huo wa kuzima kamera ndio alioutumia Mfaransa Georges Méliès mwaka 1896, sinema ilipokuwa bado mtoto mchanga, na leo anaitwa bingwa. Ng'ambo ya ziwa letu, katika kitongoji cha Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo mwenyewe amesema hazikufika dola 200. Ile si ya kutisha, ni ya bunduki na vicheko, lakini inaonyesha kwamba ufukara wa mtengenezaji si kosa la sinema.

Tena katika kutisha, ufukara mara nyingine husaidia. Jini la kompyuta la Hollywood linapendeza, na linapopendeza hofu inakwisha. Msukule wa Bongo ni kijana aliyepakwa majivu, amesimama nyuma ya mlango wa chumba kinachofanana na changu, ukutani kuna kalenda kama yangu. Nikizima televisheni, mlango bado upo pale.

Naomba nieleze pia kwa nini kuna kipindi sikuzitazama kabisa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapotea nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wengine wamezikwa Igoma, mahali ambapo kila Mei watu hukusanyika. Wengine hawakupatikana. Mama mmoja mtaani kwetu hakuupata mwili wa mwanawe, na kwa muda mrefu alikuwa akisema kijana yu hai, amechukuliwa tu, iko siku atarudi akiwa hasemi, na yeye atampokea hivyo hivyo. Kila jioni alibakiza ugali. Ndipo nilipofahamu kwamba habari za msukule si hofu tupu. Ndani yake kuna matumaini ya mtu aliyekosa kaburi la kulilia. Sijaona bado sinema yetu iliyolithubutu jambo hilo, na naamini ingekuwa bora kuliko zote, wala isingehitaji kipodozi hata kimoja.

Sasa nifike kwenye kosa. Katika sinema hizi, nani huwa mchawi? Nimejaribu kuhesabu nilizonazo kabatini. Mara nyingi ni mwanamke mzee, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, amevaa kaniki, na kamera inamsogelea usoni mpaka tunaona macho yake mekundu. Muziki unapiga, na watazamaji tumekwisha elewa. Ni madoido rahisi kuliko yote. Hayana hata gharama ya sharubati ya chokoleti.

Huko Dar es Salaam huenda hayo ni madoido. Kwetu ni hukumu. Tume ya serikali iliyofanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga. Mauaji hayo hayakuishia mwaka 1984. Sisi wa vyumba vya habari tumesoma taarifa za namna hiyo kwa miaka: bibi kakatwa mapanga usiku, chanzo chadaiwa kuwa imani za kishirikina. Nyuma ya taarifa mara nyingi kuna shamba au ng'ombe ambao mtu anawataka, au mtoto aliyekufa kwa malaria, na mpiga ramli aliyelipwa ili ataje jina. Ramli hizo hizo zilichangia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoitikisa kanda hii kuanzia mwaka 2007, hata serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015.

Na macho mekundu yanatoka wapi? Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahimiza watu wafyeke misitu ya Usukuma ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye pamba nayo ikataka nafasi, na mifugo ikaongezeka. Miti ikaisha, hasa Shinyanga, hadi mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuirudisha kwa kufufua ngitili za wazee wetu. Mahali pasipo na kuni, mwanamke hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, tena ndani ya jiko lisilo na dirisha. Afanye hivyo miaka hamsini, jicho litabaki jeupe kwa dawa gani? Kwa hiyo bibi alivutishwa moshi na historia nzima ya nchi hii, halafu tukamwua kwa kuwa umemwingia machoni.

Sisemi kwamba sinema ndizo zilizoua. La hasha. Vibibi waliuawa huku kabla deki ya kwanza haijavuka Kigongo. Ninachosema ni kwamba anayetengeneza picha huchagua uso wa kuutisha nao watu, na sisi wa Mwanza tunajua uchungu wa kuchaguliwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya kweli aliyoipiga hapa hapa kwa vifaa vidogo: vichwa vya sangara vinakauka matopeni, marubani wanalewa, watoto wanalala barabarani. Dunia ikashtuka. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani, na watu wakaandamana mitaani hapa mjini wakisema tumepakwa matope. Wengine kati yetu waliona yapo ya kweli mle, lakini hilo la kutazamwa na ulimwengu kama mji wa majinamizi lilituchoma sote. Sisi tulikuwa na mabango, na tulikuwa na rais wa kutusemea. Bibi wa Kwimba au Magu mwenye macho mekundu ataandamana na nani?

Nami nilikuwa na bibi wa namna hiyo, mzaa baba, kule Misungwi. Mwaka 2007 nilimpelekea televisheni ndogo na deki, na jenereta la kuazima, nikamwekea sinema moja ya msukule ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Binamu zangu walijificha nyuma ya viti. Bibi alitazama kimya hadi katikati, kisha akaanza kuuliza.

"Mjukuu wangu, huyu marehemu mbona amevaa viatu vipya?"

Nikamwambia labda walikosa vya zamani.

"Na usiku anakwenda kulima, jembe lake liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaja yule mchawi, kamera ikamsogelea, muziki ukapiga. Bibi akainama mbele, akamtazama kwa makini, macho yake mwenyewe yakitiririka machozi kama kawaida yake.

"Huyu ni mtu mzima kweli?"

"Hapana, Bibi. Ni msichana tu, amepakwa unga kichwani."

"Na macho amefanyaje?"

Nikamwambia nadhani ni kitunguu, au pilipili. Bibi akajifuta kwa pembe ya khanga, akacheka, akainuka kwa fimbo yake kwenda kuangalia chungu.

"Mwambie asijiumize bure," akasema akiwa mlangoni. "Aje anisaidie kuchochea huku jikoni."