Kitamu cha Sisilia na Suali la Mkwe Wetu

Ramadhani moja tulipokuwa tukikaa Zagayu, upande wa Bariadi, mke wa mwanangu, binti wa Tanga, alinijia baada ya Alasiri na karatasi mkononi. Alikuwa amenakili upishi wa kitamu cha Waitaliano kiitwacho cannoli: unga husukumwa mwembamba kama wa sambusa, ukazungushwa kwenye kipande cha mwanzi, ukakaangwa, kisha bomba lile likajazwa jibini laini yenye sukari. Maziwa hayakuwa shida, kwani majirani zetu Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Kilichomtia wasiwasi ni mistari miwili: unga ukandwe kwa mafuta ya nguruwe, na utiwe mvinyo. "Baba," akaniuliza, "kitu ambacho asili yake ni haramu, hata tukikigeuza, kitatufaa?"

Nikamwambia: mwanangu, nani kakwambia kuwa hiyo ndiyo asili yake?

Kitamu hiki ni cha kisiwa cha Sisilia. Mwaka 827 jeshi la Waislamu lilivuka bahari kutoka nchi ambayo leo ni Tunisia, likiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi wa Kairuani, mwanachuoni aliyekwisha kuwa mtu mzima sana. Alifariki mwaka uliofuata, mji wa Syracuse ukiwa umezingirwa. Palermo ulichukuliwa 831 ukawa mji mkuu. Ibn Hawqal aliyeufikia mwaka 973 aliandika kuwa una misikiti zaidi ya 300, ingawa wenyeji wake hakuwasifu hata kidogo; waalimu wao wa chuoni ndio aliowacheka zaidi.

Watu hao walileta elimu ya kumwagilia mashamba, wakapanda miwa, malimau na machungwa machungu. Sikiliza maneno yenyewe. Sisi twasema sukari, Mwitaliano asema zucchero. Limau, yeye limone. Narinji, yeye arancia. Jikoni mwake na jikoni mwetu mmepita Mwarabu yule yule. Na ufundi wa kujaza unga ulikuwa ukijulikana: kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 chaeleza sambusa za nyama, na nyingine za lozi na sukari.

Lakini tusijisifu kwa tusichokuwa nacho. Wako wasemao kuwa cannoli zilibuniwa na wanawake wa nyumba ya amiri katika mji wa Caltanissetta, ati kwa kuwa jina lake ni Qal'at an-Nisaa, ngome ya wanawake. Hadithi hiyo ni tamu kuliko kitamu chenyewe, na ushahidi haina. Kilicho thabiti ni sukari, na malimau, na mikono iliyovipanda.

Wanormani waliitwaa Palermo mwaka 1072, na ngome ya mwisho, Noto, ikaanguka 1091. Hata hivyo ni huko huko Palermo, kwa mfalme Roger wa Pili, ambako al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, kwa Kiarabu, na ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Baadaye Waislamu wa kisiwa walihamishwa kwa nguvu hadi Lucera, na mwaka 1300 mji huo ukavunjwa, watu wake wakauzwa utumwani. Watu waliondoka, miti ikabaki. Vitamu vikapikwa na masista katika nyumba zao za utawa, na cannoli zikawa chakula cha siku za shangwe kabla ya Kwaresima. Penye nguruwe hutiwa mafuta yake, na penye zabibu hutiwa mvinyo.

Basi tukapika. Kazi ya mafuta yale ni kuufanya unga uvunjike vizuri, na samli yaweza. Kazi ya mvinyo ni ule ukali wake unaoulainisha unga, na ndimu yaweza. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vya samli, viwili vya maji ya ndimu, sukari kidogo, na maji ya kukandia. Ukapumzishwa saa nzima. Mwanzi ulikatwa vipande vya urefu wa kidole, vikapakwa samli, na ncha za unga zikagandishwa kwa ute wa yai. Maziwa lita mbili yalichemshwa, yakakatwa kwa maji ya limau, yakatundikwa kitambaani usiku kucha. Hivyo hata suali la kimeng'enyo cha tumbo la ndama halikuzuka. Jibini ikapondwa na sukari, iliki na ganda la limau lililoparwa.

Siku ya kwanza mkwe wangu alizijaza Alasiri, na ilipoadhiniwa Magharibi zilikuwa zimelegea kama kitambaa kilicholowa. Siku ya pili mabomba yalikaa makavu mpaka tulipokwisha kula tende, ndipo yakajazwa. Sahani moja ilikwenda kwa jirani aliyetupa maziwa. Aliuliza ni nini, mkwe wangu akamjibu, "Sambusa ya maziwa." Asubuhi tukaletewa kibuyu kingine, kimejaa.