Nyagak: West Nile ilivyouza hewa ukaa ili ipate umeme

Uganda ilitangaza Desemba 2023 mpango wa nishati unaolenga mwaka 2065, ambapo hewa ukaa itakayotoka katika sekta hiyo haitazidi ile inayoondolewa angani. Kwa wafanyabiashara wa Arua na Koboko jambo hili si geni. West Nile ni miongoni mwa sehemu za kwanza barani Afrika kujaribu kugharimia umeme kwa mauzo ya hewa ukaa.

Mkoa huo ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Wenye mashine za kusaga, wachomeleaji na wauza vinywaji baridi walitegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO, iliyo chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Uchumi, ilikabidhiwa huduma ya umeme. Iliweka Arua jenereta ya megawati 1.5 inayotumia mafuta mazito, na kupanga kujenga kituo cha megawati 3.5 katika mto Nyagak, karibu na Paidha.

Benki ya Dunia, kupitia mfuko wake wa kaboni, ilikubali kununua upungufu wa hewa hiyo chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto wa 1997. Hati moja ni sawa na tani moja ya hewa ukaa ambayo haikutolewa.

Hata hivyo, malipo ya aina hii hutolewa baada ya upungufu kupimwa na kuthibitishwa, ilhali ujenzi unahitaji mtaji tangu siku ya kwanza. Nyagak ilianza kuzalisha umeme mwaka 2012, miaka tisa baadaye. Mwaka huohuo bei ya hati hizo iliporomoka katika soko la dunia.

Mwaka 2024 Arua iliunganishwa na gridi ya taifa, ambayo hutegemea zaidi maji ya mto Nile. Jikoni, lakini, kuni na mkaa bado vinatawala, licha ya amri ya rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda.

Mradi wa Nyagak unaacha swali moja kwa yeyote anayeletewa mkataba wa kaboni leo: nani atabeba gharama kabla ya malipo ya kwanza kufika?